Uso Ukifutika, Tazama Mkia

Mukebe ulikuwa wa maziwa ya unga, mfuniko wake umeshika kutu hata ukataka bisibisi kufunguka. Mama mzee wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, aliumimina juu ya kitenge alichotandika kwenye meza ya baraza. Zikatoka sarafu nyeusi, za kahawia na nyingine za kijani, zimegandana kama mbegu za tikiti. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa Union Minière, kampuni ya migodi, tangu kabla ya uhuru. Kila serikali ilipobadilisha feza, yeye alitia za zamani mukebeni badala ya kuzitupa.

"Hii feza yote ilishakufa, mwanangu," mama aliniambia. "Batoto banasema tuuzishe kwa kilo."

Mjukuu wake wa kiume, kijana wa miaka kumi na mitano hivi, alikuwa amesimama kando na nusu ya limau mkononi na mchanga kidogo kwenye kisahani. Alitaka kuzing'arisha kwanza ili mnunuzi wa vyuma chakavu aone kwamba ni shaba kweli. Nilimwomba aliweke limau chini. Sababu yangu nitaieleza mwishoni, na makala haya yote yanatokana nayo.

Kijana yule hajawahi kulipa kitu kwa sarafu. Congo ya leo haina sarafu mkononi mwa watu. Kuna noti za falanga na kuna dola, basi. Lakini hata yeye anajua kwamba feza husomwa. Kila siku anapita mbele ya makambiste waliokaa na mabunda yao kando ya barabara, anawaona wanavyoinua noti ya dola kwenye jua, wanavyopapasa ukingo wake kwa kidole gumba, wanavyoikataa kwa tundu dogo kama la sindano. Kambiste hasomi uso uliochapwa kwenye noti. Anasoma ukingo, karatasi na uzi uliofichwa ndani. Ndivyo inavyosomwa pia sarafu iliyosagika. Uso ni wa mwisho kuulizwa.

Waliofanya kazi hii hadi ikawa elimu ni wale wanaochunguza sarafu za Wagiriki wa kale. Sarafu hizo zina miaka zaidi ya 2,000. Zimepita sokoni, zimezikwa mchangani, zimelala baharini. Mara nyingi jina la mji limekwisha na uso wa mungu umekuwa uvimbe laini. Kinachobaki ni kipande cha mnyama, tena si mnyama wa porini bali wa masimulizi: farasi mwenye mabawa, simba mwenye kichwa cha tai, fahali mwenye uso wa mtu, mwanamke mwenye mwili wa simba. Kutoka kwenye kipande hicho mtu aliyejizoeza anakutajia mji, na mara nyingi karne.

Msomaji wa Lubumbashi asiogope wanyama hao. Sisi tumelelewa na Mamba Muntu. Katika miaka ya 1970 picha yake ilining'inia katika sebule nyingi za mji huu: juu mwanamke mwenye nywele ndefu, mara nyingi na saa mkononi, chini samaki, ameketi ukingoni mwa maji, na nyoka hayuko mbali. Wachoraji wetu waliichora tena na tena kwa sababu watu waliinunua tena na tena. Johannes Fabian, aliyefundisha chuo kikuu hapa mwanzoni mwa miaka hiyo, aliandika pamoja na Ilona Szombati-Fabian juu ya picha hizi na maana yake kwa watu wa mji. Ninayoikumbuka mimi ilikuwa imetundikwa mahali mvua ilipovuja. Uso wa yule mwanamke ulikuwa umekwenda na maji, nywele zimekuwa doa. Hata hivyo hakuna mgeni aliyeingia akauliza ni nani. Mkia ulikuwepo, na mkia ulitosha.

Kwa hiyo tuanze na farasi. Mji wa Korintho ulipiga sarafu zake za fedha kwa karne kadhaa na alama ya Pegasos, farasi anayeruka, upande mmoja, na kichwa cha Athena mwenye kofia ya vita upande wa pili. Watu waliziita kwa mazoea "wana-farasi", kama sisi tunavyozipa noti majina yetu ya mtaani. Tatizo ni kwamba miji mingine iliyotokana na Korintho, kama Leukas na Ambrakia, ilipiga farasi yule yule kwa uzito ule ule, karibu gramu 8.6. Ukitazama farasi peke yake huwezi kuitofautisha. Jibu liko chini ya tumbo lake. Korintho iliweka pale herufi ya zamani iitwayo kopa, duara dogo lenye kijiti chini. Leukas iliweka lamda, Ambrakia alfa. Na hapa kuna bahati ya ajabu, inayotokana na jinsi chuma kinavyosagika. Kinachoinuka ndicho kinachosagwa kwanza: shavu la Athena, bega la farasi, mzizi wa bawa. Kilicho bondeni, kati ya miguu na chini ya tumbo, kinakingwa na milima inayokizunguka. Mnyama anaweza kuwa amelainika kama sabuni ya juzi, lakini kile kiduara chenye kijiti kikabaki kivulini kikikungoja.

Kukiona kunataka taa, na taa ya simu inatosha. Zima taa ya chumba, iweke sarafu juu ya kitambaa cheusi, kisha ilaze taa ya simu pembeni kabisa, karibu iguse meza, mwanga upite juu ya sarafu kama jua la saa kumi na mbili jioni linavyopita juu ya mashamba. Izungushe sarafu polepole. Mstari ambao mchana ulikuwa haupo unatupa kivuli, na kivuli hakidanganyi. Piga picha kila unapozungusha. Mjukuu wa mama yule alipoona nyota ikitoka kwenye kipande alichodhani ni wosha ya bomba, aliita nyumba nzima.

Baada ya taa, uliza mnyama anatazama upande gani. Kuna kisa ambacho sichoki kukisimulia. Teos ulikuwa mji wa Wagiriki kwenye pwani ya nchi ambayo leo ni Uturuki. Alama yake ilikuwa grifo, mwili wa simba, kichwa na mabawa ya tai. Karibu mwaka 545 kabla ya Kristo, Waajemi walipouzingira, watu wake wengi walipanda merikebu wakahamia Abdera, upande wa pili wa bahari. Walikwenda na grifo wao. Huko Abdera wakapiga sarafu za mnyama yule yule aliyekaa vile vile, ila sasa kwa kawaida anatazama kushoto, wakati yule wa Teos anatazama kulia. Sarafu ikiwa imelika hata mdomo wa tai huuoni, bado unajua kifua kiko upande gani na mkia uko upande gani. Kulia, waliobaki au waliorudi. Kushoto, waliohama. Sisi wakazi wa mji huu, ambao wengi wa babu zetu waliletwa kutoka Kasai, Maniema, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini kuchimba shaba, tunaweza kuelewa watu wanaohama na alama yao kisha wakaigeuza kidogo.

Na hao Wagiriki wenyewe si wa mbali nasi. Wazee wanawakumbuka wafanyabiashara wa Kigiriki wa Kasenga, waliokuwa wakinunua samaki wa Luapula na ziwa Mweru na kuwaleta hapa, Elisabethville ya wakati ule, kulisha kambi za wachimbaji. Na wengi wa wafanyabiashara Wayahudi wa mji wetu walitoka kisiwa kimoja cha Kigiriki, Rhodes. Sinagogi ya Wayahudi wale ingali imesimama mjini. Mwezi wa Julai 1944 Wajerumani waliwachukua Wayahudi waliobaki kisiwani wakawapeleka Auschwitz, na katika koo hizo waliokuwa wameshahamia Katanga na nchi jirani waliokoka. Hata Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga, ni mtoto wa baba aliyetoka Rhodes.

Kisiwa hicho kina sarafu zinazofundisha vizuri kuliko zote. Kabla ya mwaka 408 kabla ya Kristo Rhodes haikuwa mji mmoja. Ilikuwa miji mitatu, kila mmoja na alama yake. Lindos ilikuwa na kichwa cha simba, Kamiros jani la mtini, na Ialysos ilikuwa na ngiri mwenye mabawa, nusu ya mbele tu, kama anayechomoka kutoka ukutani. Ile miji ilipoungana, wanyama wakaachwa. Sarafu mpya ikachukua uso wa Helios, mungu wa jua, na nyuma yake ua la waridi, kwa kuwa kwa Kigiriki waridi ni rodon, na jina la kisiwa linasikika humo. Sasa chukua ngiri mwenye mabawa aliyesagika. Usikimbilie kusema Ialysos, maana mji wa Klazomenai nao ulikuwa na ngiri mwenye mabawa, nusu ya mbele vile vile. Igeuze. Ikiwa nyuma kuna kichwa cha tai, uko Rhodes. Ikiwa nyuma kuna shimo la mraba lililogawanywa vyumba vinne, uko Klazomenai. Shimo lile ni alama ya chuma kilichosukuma kipande cha fedha kwenye muhuri wa chini wakati wa kupigwa nyundo, na kwa kuwa limezama, haliliki upesi.

Nimeona watu wakitazama upande mmoja wa kitu cha kale kwa saa nzima bila kukigeuza. Kigeuze.

Turudi kwenye kitenge cha mama. Hatukukuta ngiri wa Ialysos, wala sikutarajia. Tulikuta nyota, tembo, simba na mchikichi, na tulivisoma kwa njia ile ile.

Vipande vyenye tundu katikati vilikuwa vingi. Nchi hii, ilipokuwa mali ya mfalme Leopold II, ilianza kupigiwa sarafu mwaka 1887. Za shaba, za santimu 1 hadi 10, zilikuwa na tundu, na tundu lenyewe liko katikati ya nyota, ile nyota ya bendera ya utawala ule. Tangu 1906 zikaja nyingine zenye tundu, lakini za shaba iliyochanganywa na nikeli, nyeupe-nyeupe. Kwa hiyo rangi ya chuma inakusaidia kukisia mwaka kabla hujasoma namba. Kisha tafuta herufi zinazozunguka tundu upande wa pili. L mbili zilizopeana mgongo ni za Leopold. A ni za Albert, aliyetawala tangu 1909. Kijana aliikuta A ya kwanza kwa kidole, kwa kupapasa, kabla ya mimi kuiona kwa macho. Sarafu yenye tundu ililika kidogo kuliko nyingine, nadhani kwa sababu watu waliitunga kwenye uzi na haikusugana sana mfukoni.

Falanga ya Albert, ile ya miaka ya 1920 hadi 1930, ina mchikichi nyuma. Mti umelainika? Soma ukingo wa maandishi. Zilipigwa za aina mbili, za Kifaransa na za Kiflamanki, Congo Belge na Belgisch Congo. Zikibaki herufi tatu tu, SCH, umeshapata jibu, maana Kifaransa hakina neno lenye herufi hizo kwenye sarafu ile.

Tembo ndiye aliyemfanya mama acheke. "Huyu namujua," alisema, na kweli alimjua, kwa kuwa kipande alichoshika kina pembe sita. Hakuna sarafu nyingine ya Congo ya Wabelgiji yenye umbo hilo. Ni falanga 2 za mwaka 1943. Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, mitambo ya Brussels haikuweza kuihudumia koloni, kwa hiyo sarafu ile ya shaba na zinki, yaani shaba ya njano tunayotengenezea vyombo, ilipigwa Philadelphia, Marekani. Wakati ule ule shaba na urani za Katanga zilikuwa zinavuka bahari kwenda huko huko. Tembo mwingine, wa falanga 50 za fedha, alipigwa Pretoria mwaka 1944. Ukikuta tembo asiye na sikio wala jicho, hesabu pembe za sarafu kwanza, halafu tazama rangi, kisha pima. Tembo wa mviringo na wa njano ni wa baada ya hapo, falanga 1, 2 au 5, na ukubwa utakuambia ni ipi.

Simba anachanganya zaidi. Yumo kwenye falanga 5 za Leopold III za 1936 na 1937. Yumo kwenye falanga ya Rwanda na Burundi ya 1960. Na yumo, kichwa kitupu, kwenye falanga 10 za Congo huru za 1965, ambazo ni za alumini, nyepesi kiasi kwamba ukizipuliza mezani zinasogea. Mkononi huwezi kukosea. Chui wa sengi 10 naye ni wa alumini, wa 1967, mwaka Mobutu alipoleta zaire, likuta na sengi, na falanga 1,000 zikawa zaire moja. Mama alizishika zile za alumini kwa ncha za vidole, akasema ndizo alizonunulia chumvi alipoolewa.

Chini kabisa ya mukebe kulikuwa na kitu ambacho si sarafu ya mviringo, na hapo ndipo nilipokaa kimya. Kilikuwa kimsalaba cha shaba, kidogo, kimefunikwa na kijani kibichi kinachong'aa kama jani. Mimi si mtaalamu wa kutosha kuapa umri wake. Lakini najua kinachosemwa na ardhi yetu. Huko Sanga, kandokando ya ziwa Kisale, wachimbuaji walifungua makaburi mwaka 1957, 1958 na 1974, na katika makaburi ya zama wanazoziita za Kabambe, kuanzia karne ya 13 hivi, wakakuta misalaba ya shaba imewekwa juu ya maiti, mikononi na kiunoni. Pierre de Maret alionyesha kwamba kadiri karne zilivyopita misalaba ilipungua ukubwa na ikazidi kufanana. Kikubwa kilikuwa kitu cha heshima. Kidogo, chenye kipimo kimoja, ni feza. Ndiyo kusema kwamba sisi, kama watu wa Korintho, tulikuwa na kipimo.

Mafundi wa mukuba, yaani shaba, Basanga na baadaye Bayeke, waliyeyusha malakaiti kwa makaa katika tanuri zilizojengwa kwa udongo wa kichuguu, wakamimina kwenye kalibu iliyo wazi. Kalibu wazi inaacha ushahidi: upande wa juu umepoa hewani, umekunjamana na kuinuka hapa na pale, upande wa chini umechukua umbo la kalibu. Msalaba unaouzwa leo kwa watalii, wenye mshono kuzunguka ukingo na pande mbili zinazofanana, umetoka kalibu ya vipande viwili. Na shaba yake, ikitoka kwenye nyaya za umeme, ni safi mno. Watafiti wa Ubelgiji wamepima kemia na isotopu za risasi zilizomo ndani ya misalaba ya kale ili kujua shaba ilitoka mgodi upi. Vipimo hivyo vinataka chuma ambacho hakijachezewa.

Sasa msomaji anaelewa limau. Asidi yake inakula ule ukoko wa kijani, na ukoko ule ndio umeshika mistari ya mwisho. Mchanga unamaliza kazi. Sarafu inang'aa, mnunuzi anafurahi, anaitupa mizanini pamoja na bomba na nyaya. Msalaba uliotolewa ardhini mwaka mmoja unaweza kuwa waya mwaka unaofuata. Mji uliojengwa juu ya shaba, wenye msalaba ule kwenye bendera ya Katanga ya 1960 na kwenye sarafu ya 1961 iliyopigwa pia kwa dhahabu, unauza alama yake kwa kilo. Hili linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Tulimaliza saa nne za usiku. Kijana alikata karatasi za daftari, akafunga kila kipande peke yake, akaandika namba, uzito kutoka mizani ya jirani anayenunua dhahabu, na maneno "ya nkambo, Union Minière". Kwenye alama ambazo hakuwa na uhakika nazo aliweka kiulizo, na viulizo vilikuwa vingi. Limau lilikwenda kwenye samaki.

Kama una mukebe wa namna hiyo nyumbani, Kamalondo au Katuba, Ruashi au Kipushi, usiuoshe. Piga picha kwa taa ya pembeni, pande zote mbili. Pima. Andika jina la aliyeuacha na mahali ulipokuwa. Ikiwa ndani kuna msalaba, uonyeshe kwanza kwa watu wa Makumbusho ya Taifa hapa Lubumbashi kabla hujauonyesha kwa mwenye mizani.